John Howard na Dhamana ya Gereza

Mwaka 1773 bwana mmoja mwenye mashamba, John Howard, aliteuliwa kuwa Sherifu Mkuu wa jimbo la Bedfordshire, Uingereza. Cheo hicho kilikuwa cha heshima zaidi kuliko kazi. Ada ya masherifu ilikuwa kumlaki jaji anapofika kusikiliza kesi, kuketi naye karamuni, na kumwachia naibu habari zote za jela. Howard alikwenda mwenyewe kulitazama gereza lililokuwa dhamana yake, na aliyoyakuta humo yalimwondolea raha mpaka kufa kwake.

Alikuta watu walioachiwa huru na mahakama wangali wamefungwa. Mlinzi mkuu wa jela ya Bedford hakuwa na mshahara. Riziki yake ilitoka kwa wafungwa wenyewe kwa njia ya malipo aliyowatoza. Aliyeshindwa kulipa alirudishwa ndani, hata kama ameonekana hana hatia, hata kama mshitaki wake hakutokea kabisa. Msomaji na aipime mwenyewe dhulma hiyo: mnyonge anashinda kesi, kisha anaozea korokoroni kwa deni la kufungwa kwake bila ya haki! Wala si lazima tudhani kwamba mlinzi yule alikuwa na roho mbaya kuliko wenzake. Utaratibu wenyewe ndio uliomlazimisha aishi kwa kuwanyonya waliomo mikononi mwake.

Howard aliwaomba mahakimu wa jimbo wamlipe mlinzi mshahara kutoka hazina yao. Wakataka kwanza waonyeshwe jimbo jingine lililofanya hivyo. Basi akapanda farasi kwenda majimbo ya jirani kutafuta mfano. Hakuupata. Alichopata ni dhulma ile ile kila alikopita, na pamoja nayo homa ya jela, maradhi yaenezwayo na chawa, ambayo kwa hesabu yake yaliua wafungwa wengi kuliko kitanzi. Mwezi Machi 1774 alitoa ushahidi mbele ya Bunge, na mwaka huo huo zikapitishwa sheria mbili. Moja iliamuru kwamba aliyeachiwa atolewe papo hapo bila ya kutozwa kitu. Ya pili iliamuru kuta zipakwe chokaa, hewa safi ipite, na wagonjwa wawe na vyumba vyao na tabibu. Howard alizichapisha kwa fedha zake mwenyewe, akampelekea kila mlinzi wa jela, kisha akarudi kukagua. Wengi hawakuwa wamezitimiza.

Yafaa ikumbukwe kwamba kufungwa alikuwa amekuonja. Mwaka 1756, akiwa safarini kuelekea Lisbon, meli yake ilitekwa na Wafaransa, naye akatiwa gerezani Brest pamoja na mabaharia, wakilala juu ya majani makavu.

Lakini lililo kubwa katika maisha yake, kwa maoni yetu, ni kwamba hakuridhika na nchi yake peke yake. Toka mwaka 1775 alivuka bahari mara kwa mara. Uholanzi alikuta nyumba za kazi zilizo safi, na watu wachache wakinyongwa. Huko Ghent alilisifu gereza jipya ambamo kila mfungwa alilala chumbani mwake. Ufaransa alibisha mlango wa Bastille akazuiwa. Popote alipoingia alipima vyumba, akapima uzito wa mkate, akahesabu watu na minyororo. Kitabu chake cha mwaka 1777 juu ya hali ya magereza hakikujaa maneno ya huruma, bali vipimo, na vipimo hivyo vilimfanya Mwingereza aone haya mbele ya jirani zake. Bila ya kulinganisha hivyo, kila serikali ingeendelea kuapa kwamba jela zake ndizo bora.

Hakuwa malaika. Imani yake katika upweke wa usiku kama njia ya toba ilichukuliwa na wengine waliokuja baadaye wakaifanya upweke wa mchana na usiku, adhabu iliyowatia wafungwa wazimu, ingawa yeye alikuwa ameonya kwamba upweke mtupu hauvumiliki. Na katika miaka hiyo hiyo ambayo Bunge lilisikiliza habari za wafungwa wa Bedford, merikebu za Kiingereza zilikuwa zikibeba Waafrika katika minyororo, na sheria ikiziruhusu.

Safari zake zilipita maili 40,000. Ya mwisho ilimfikisha Kherson, mji ambao leo uko Ukraine, akichunguza hospitali za askari wa Urusi. Huko alishikwa na homa, akafa tarehe 20 Januari 1790.

Kazi ya kulinganisha haikufa naye. Mwaka 1872 wajumbe wa mataifa mengi walikutana London katika kongamano la kwanza la kimataifa la magereza la namna yake. Sisi huku tuna haki ya kukumbuka kwamba Ujerumani, iliyoshiriki, ilikuja kutawala Tanganyika kwa kiboko cha hamsa ishirini. Mwaka 1934 Shirikisho la Mataifa liliidhinisha kanuni za awali. Mwaka 1955 mkutano wa Umoja wa Mataifa huko Geneva ukapitisha Kanuni za Kima cha Chini za kuwatendea wafungwa. Septemba 1996 Waafrika wenyewe walikutana Kampala wakatoa azimio juu ya msongamano na mahabusu wanaokaa muda mrefu bila ya kuhukumiwa. Mwaka 2015 kanuni za Geneva ziliandikwa upya zikapewa jina la Nelson Mandela. Zipo 122, na ile ya 74 inataka watumishi wa magereza wawe waajiriwa wa kudumu wenye mishahara ya kutosha.