Luigi Broglio: Mhandisi aliyerusha mizani angani kutoka pwani ya Kenya

NKUNGU, RUSIZI – Wafanyabiashara wa Nkungu wanaovuka mpaka kwenda Bukavu wanajua kwamba biashara huanzia kwenye mizani. Asiyepima hupata hasara. Mwaka 1967 mhandisi mmoja Mtaliano alirusha mizani yake angani kutoka pwani ya Kenya. Alitaka kupima kitu ambacho mkono hauwezi kukishika: hewa nyembamba iliyoko juu sana, kwenye anga la ikweta. Mhandisi huyo alikuwa Profesa Luigi Broglio.

Broglio alizaliwa Novemba 11, 1911, Mestre, karibu na Venice. Alisomea uhandisi Roma, akajiunga na Jeshi la Anga la Italia upande wa wahandisi, na baadaye akafikia cheo cha jenerali. Vita Kuu ya Pili ilipokwisha, nchi yake ilikuwa imeshindwa na viwanda vyake vya ndege vimeharibika. Yeye alirudi darasani. Akawa mkuu wa Shule ya Uhandisi wa Anga ya Chuo Kikuu cha Roma, ambako wahandisi waliokwisha kuhitimu walikuja kufanya utafiti wa juu kuhusu ndege na vyombo vya kesho. Mmoja wa wanafunzi wake, Carlo Buongiorno, alikuja kuwa mkurugenzi mkuu wa kwanza wa Shirika la Anga la Italia.

Mwanzoni mwa miaka ya 1960, mataifa mawili tu, Marekani na Umoja wa Kisovieti, ndiyo yaliyokuwa na uwezo wa kurusha setilaiti. Italia haikuwa na fedha za kushindana nayo. Broglio alitafuta njia ya mwenye mtaji mdogo. Mwaka 1962 Italia ilikubaliana na NASA kwamba Wamarekani watatoa roketi aina ya Scout na mafunzo, nao Waitaliano watatengeneza setilaiti na kuirusha wenyewe. Desemba 15, 1964, San Marco 1 ilirushwa na kikosi cha Broglio kutoka kituo cha Wallops, Marekani.

Lakini lengo lake lilikuwa ikweta. Dunia inapojizungusha, sehemu za ikweta hukimbia kwa kasi ya karibu kilomita 1,670 kwa saa kuelekea mashariki. Roketi inayorushwa upande huo huanza safari ikiwa tayari na kasi hiyo. Mwenye baiskeli iliyobeba ndizi anaelewa: ukianzia kwenye mteremko, hutumia nguvu kidogo. Tena, upande wa mashariki uwe bahari, ili roketi ikianguka isimwangukie mtu.

Broglio alipata vyote viwili Ngomeni, kaskazini mwa Malindi. Badala ya kujenga uwanja mkubwa nchi kavu, alisimamisha majukwaa ya chuma baharini katika Ghuba ya Ungwana, mfano wa yale ya wachimba mafuta. Jukwaa la San Marco lilirushia roketi, na la Santa Rita liliongoza urushaji.

Aprili 26, 1967, San Marco 2 iliruka kutoka hapo. Ndani yake ndimo ilimokuwa mizani. Setilaiti ilikuwa na gamba jepesi la duara kwa nje na kiini kizito ndani, vikiunganishwa na vijiti vinavyonyumbuka. Hewa ilipoligusa gamba, gamba lilisogea kidogo sana kuliko kiini. Msogeo huo ukapimwa, na kutokana nao uzito wa hewa ukajulikana. Kipimo hicho kina faida kwa yeyote mwenye chombo angani, kwa sababu hewa hiyo hiyo ndiyo inayokivuta chombo polepole hadi kianguke.

Desemba 12, 1970, siku ya sikukuu ya uhuru wa Kenya, kikosi cha Broglio kilirusha setilaiti ya NASA ya kuchunguza miale ya eksirei kutoka kwenye nyota. Ikapewa jina Uhuru. Ilikuwa mara ya kwanza chombo cha Marekani kurushwa na kikosi cha nchi nyingine. Takwimu zake zilisaidia kuonyesha kwamba mashimo meusi ya angani si hesabu za karatasini tu.

Kwa jumla setilaiti tisa zilifika angani kutoka Ngomeni. Ya mwisho ilirushwa Machi 1988. Marekani ilistaafisha Scout mwaka 1994, na majukwaa yakakosa roketi. Broglio alifariki dunia Januari 14, 2001, akiwa na umri wa miaka 89. Kituo cha Ngomeni sasa kina jina lake.

Limebaki swali ambalo kila mwenye kibanda cha kupangisha hujiuliza: mpangaji akiondoka, mwenye nyumba anabaki na nini? Kwa miaka mingi wabunge wa Kenya wamehoji faida ya kituo hicho kwa nchi yao. Mwaka 2016 Kenya na Italia zilitia saini mkataba mpya. Mwaka 2018 setilaiti ndogo ya Chuo Kikuu cha Nairobi, iliyotengenezwa kwa kushirikiana na chuo kile kile cha Roma alikofundisha Broglio, ilifika angani. Mwaka uliofuata ikafuata RwaSat-1 ya Rwanda, iliyorushwa kutoka Japani. Taifa-1 ya Kenya ilirushwa Aprili 2023, lakini kutoka California, ilhali jukwaa la Ngomeni lipo mlangoni.

Broglio alikwenda kwa Wamarekani bila roketi, akarudi na roketi na ujuzi, kwa sababu mafunzo yalikuwa ndani ya mkataba tangu siku ya kwanza. Ikweta inapita katika nchi za Jumuiya yetu, na wageni wataendelea kuitafuta. Kodi ya pango huliwa ikaisha; ujuzi hubaki kwa aliyefundishwa. Atakayeketi mezani kwa niaba yetu na audai kwanza.