Ancel Keys: Mtafiti aliyeishitaki siagi kwa maradhi ya moyo

ANCEL Keys hakuwa daktari wa kutibu wagonjwa, lakini ndiye aliyewafanya mamilioni ya watu waiogope siagi.

Mmarekani huyo alizaliwa Januari 26, 1904, Colorado Springs, na kazi yake kubwa aliifanya Chuo Kikuu cha Minnesota. Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia alishangazwa na jambo moja: wafanyabiashara wa Marekani, watu wa kula vizuri, walikuwa wakifa kwa mshtuko wa moyo, ilhali vifo hivyo vilipungua katika sehemu za Ulaya zilizokumbwa na uhaba wa chakula vitani.

Alishuku mafuta. Mwaka 1953 alichapisha mchoro wa nchi sita ukionesha kuwa panapoliwa mafuta mengi, vifo vya moyo navyo ni vingi. Mwaka 1957 wapinzani walimuumbua: takwimu za nchi 22 zilikuwepo, na zikiwekwa zote uhusiano huo unafifia.

Keys hakurudi nyuma. Mwaka 1958 alianzisha utafiti katika nchi saba, uliofuatilia wanaume karibu 13,000. Wafini waliokula siagi na maziwa kwa wingi walikufa sana kwa moyo. Wakulima wa Krete, Ugiriki, walikula mafuta mengi pia, ila ya zeituni, na mioyo yao ilikuwa salama. Hapo akasisitiza kuwa tatizo ni aina ya mafuta: yale yanayoganda, ya nyama na maziwa, hupandisha lehemu katika damu. Lehemu iliyomo ndani ya chakula chenyewe, kama mayai, aliiona haina uzito mkubwa.

Upinzani haukuisha. Mwaka 1964 George Mann na wenzake walichapisha utafiti wa Wamasai wa Tanganyika, wala nyama na maziwa, uliokuta lehemu yao iko chini. Mwaka 1972 Mwingereza John Yudkin aliandika kitabu akiitaja sukari kuwa ndiyo mkosaji. Keys alimpinga vikali.

Alifariki Novemba 20, 2004, akiwa na miaka 100. Leo Shirika la Afya Duniani linashauri mafuta yanayoganda yasizidi asilimia 10 ya nguvu itokanayo na chakula. Kiwango hichohicho limeiwekea sukari inayoongezwa kwenye chakula.