Johann Sebastian Bach, Mpiga Kinanda wa Nyumba ya Mungu

Katika yubile twawakumbuka wahubiri waliotuletea Neno, na mafundi waliosimamisha kuta za makanisa yetu. Ni haki kuwakumbuka pia wale waketio penye kinanda na wale wasimamao mbele ya waimbaji, ambao watu huwasikia kila Jumapili, na pengine wasiwashukuru. Kwa ajili yao twasimulia hapa maisha ya Johann Sebastian Bach. Mtu huyu alipewa kipawa kikubwa sana, walakini ilimpasa kujifunza polepole, tena kwa kukemewa, kipawa kile amepewa kwa kazi gani.

Alizaliwa tarehe 21 Machi 1685 katika mji wa Eisenach, nchi ya Ujerumani. Ndipo Martin Luther alipokwenda shule alipokuwa kijana, na juu ya mlima karibu na mji iko ngome ya Wartburg, ambamo Luther alifasiri Agano Jipya. Jamaa ya Bach walikuwa wapiga muziki tangu vizazi vingi, na baba yake alikuwa mpiga muziki wa mji. Sebastian alikuwa kitinda mimba. Mwaka wa 1694 mama yake akafa, na kabla ya mwaka kutimia baba yake akamfuata. Hivyo alibaki yatima, naye ana miaka 9 tu.

Ndugu yake mkubwa, mpiga kinanda wa kanisa katika mji wa Ohrdruf, akamchukua nyumbani kwake na kumfundisha. Yasimuliwa kwamba ndugu huyo alikuwa na kitabu cha muziki, akakifungia kabatini, wala hakumruhusu mtoto kukitumia. Usiku, watu walipolala, Sebastian alipenyeza mkono wake mdogo katika nafasi za mlango wa kabati, akakitoa, akakinakili kwa mwanga wa mbalamwezi. Kazi hiyo ilimchukua miezi sita. Ndugu yake alipogundua, akamnyang'anya nakala yote. Mwaka wa 1700 mtoto akaenda mbali kaskazini, katika mji wa Lüneburg, akaingia shule iliyowapa chakula na malazi wavulana maskini wenye sauti nzuri, ili waimbe kanisani.

Mwaka wa 1703 watu wa mji wa Arnstadt walimwita akijaribu kinanda kipya cha kanisa lao. Walipomsikia wakampa kazi, naye ana miaka 18. Wasomaji wanaojua kinanda kidogo cha kukanyaga na wafahamu ya kuwa kinanda kile ni kitu kingine. Kina safu zaidi ya moja za vibao vya mikono, na safu nyingine ya kupigwa kwa miguu. Sauti yake hutoka katika mabomba mengi, mengine madogo kama filimbi ya mchungaji, mengine marefu kupita kimo cha mtu. Siku zile hewa ilitiwa kwa mivuo mikubwa, mfano wa mivuo ya mhunzi, na watu wengine walikanyaga mivuo hiyo wakati mpigaji anapopiga. Bila wao, hata fundi mkubwa hakuweza kutoa sauti moja.

Hapo Arnstadt twaona makosa ya ujana wake, wala haitupasi kuyaficha. Wanafunzi waliowekwa kuimba chini yake hawakuwa hodari, na wengine walikuwa wakubwa kuliko yeye kwa umri. Akawadharau. Mmoja wao, mpiga zumari nene, Bach alimtukana kwa maneno ya kumvunjia heshima. Usiku mmoja wa mwaka 1705 yule mwanafunzi alimvizia njiani na fimbo, Bach akachomoa upanga wake, wakashikana hata watu wakawaamua. Baraza la kanisa lilipoisikia habari hiyo, halikumsifu. Lilimwambia kwamba yampasa kupatana na wanafunzi na kuvumiliana nao.

Mwaka ule ule akaomba ruhusa ya majuma manne, aende Lübeck kumsikiliza Dietrich Buxtehude, mzee aliyekuwa bingwa wa kinanda. Ni safari ya kilometa 400 na zaidi, naye aliiendea kwa miguu. Alichokisikia huko kilimvuta hata akasahau ahadi yake, akakaa karibu miezi minne. Aliporudi, mwanzo wa 1706, wazee wakamwita. Walimuuliza alikokuwa. Wakamlaumu tena kwa sababu alipopiga nyimbo za ibada alichanganya sauti ngeni nyingi, hata kusanyiko likatatizika lisijue wimbo unakwenda wapi. Zamani alikuwa akipiga kwa kitambo kirefu mno kabla ya wimbo. Walipomwonya, akaenda upande wa pili, akapiga kifupi mno. Tena hakutaka kuwafundisha wanafunzi muziki wa kanisa.

Mwalimu yeyote aliyepata kuongoza wimbo atatambua uzito wa shauri hilo. Mpigaji anaweza kuwa na akili ya muziki kuliko watu wote waliomo kanisani, na huku mama mzee kiti cha nyuma amenyamaza kwa kuwa ameupoteza wimbo. Bach alikuwa na akili hiyo, na wazee hawakuweza kumfundisha muziki. Hata hivyo, katika jambo hili wao ndio walikuwa na haki.

Mwaka wa 1707 alihamia Mühlhausen, akamwoa Maria Barbara, binti wa jamaa yake. Alipoiacha kazi hiyo mwaka wa 1708 aliwaandikia wakuu wa mji kwamba shabaha yake ni muziki wa kanisa uliowekwa vizuri kwa utukufu wa Mungu. Kisha akamtumikia mtawala wa Weimar. Huko alianza kitabu kidogo cha kuwafundisha wapiga kinanda wanaoanza. Alikusudia kutia humo nyimbo 164 za kanisa kwa kufuata majira ya mwaka wa ibada, akatimiza 46. Mwanzoni aliandika kwamba kitabu hiki ni kwa heshima ya Mungu aliye juu, na kwa jirani yake apate kujifunza. Tukikifungua twamwona mtu aliyebadilika. Katika nyingi za nyimbo hizo sauti ya wimbo wenyewe husikika dhahiri juu, na sauti nyingine zote huuzunguka na kueleza maana ya maneno yake. Ufundi umezidi kuliko ule wa Arnstadt, walakini sasa umekuwa mtumishi wa wimbo.

Mwaka wa 1717 aliomba kuondoka Weimar kwa ukaidi, hata mtawala akamtia kifungoni karibu majuma manne. Baadaye akaenda Köthen, ambako ibada ya nyumba ya mtawala haikuwa na muziki mwingi. Mwaka wa 1720 alisafiri pamoja na bwana wake. Aliporudi akakuta Maria Barbara amekufa na kuzikwa. Mwaka wa pili akamwoa Anna Magdalena, mwimbaji hodari. Watoto wake wote walikuwa 20, na 10 tu walifikia utu uzima. Aliimba na kupiga muziki katika nyumba iliyozoea matanga.

Mwaka wa 1723 akawekwa Leipzig kuwa Kantori, yaani mwalimu wa waimbaji wa shule ya Mtakatifu Thomas na msimamizi wa muziki wa makanisa ya mji. Wakuu wa mji walikuwa wamewataka wengine kwanza, nao hawakupatikana. Katika miaka ya kwanza alitunga karibu kila juma wimbo mrefu wa ibada, uitwao kantata, wa kufuatana na Injili ya Jumapili. Mkewe, watoto wake na wanafunzi walimsaidia kunakili karatasi za waimbaji. Kantata karibu 200 zimesalia hata leo. Na Ijumaa Kuu ya mwaka 1727 kusanyiko lilisikia Mateso ya Bwana wetu kama alivyoyaandika Mathayo. Ndani yake Bach alizitia tena na tena nyimbo za kanisa ambazo watu walizijua tangu utoto.

Msomaji asidhani kwamba alipewa waimbaji bora. Mwaka wa 1730 baadhi ya wakuu walimlaumu kuwa ni mvivu na mkaidi. Naye akawaandikia hesabu kamili. Wavulana waliofaa walikuwa 17. Wengine 20 walihitaji kufundishwa bado, na 17 hawakufaa kabisa kwa muziki. Kila kundi la waimbaji lilitaka watu 12 angalau, na afadhali 16, na makanisa yalikuwa manne. Barua hiyo haikumletea badiliko kubwa. Jumapili iliyofuata ilimpasa kusimama tena mbele ya wavulana wale wale.

Mwaka wa 1733 aliandika jina lake katika Biblia yenye maelezo. Biblia hiyo ilionekana tena Marekani mwaka wa 1934. Penye 2 Nyakati 5, ambapo wapiga tarumbeta na waimbaji wanakuwa kama sauti moja na wingu linaijaza nyumba ya Bwana, aliandika pembeni kwamba penye muziki wa ibada Mungu yupo daima na neema yake. Tena, mwanzo wa nyimbo zake nyingi aliweka herufi za kumwomba Yesu msaada, na mwisho herufi za kumrudishia Mungu peke yake utukufu.

Macho yake yakaharibika. Mwaka wa 1750 tabibu mmoja akayapasua mara mbili, yasipone. Bach akafa tarehe 28 Julai 1750, akazikwa bila jiwe la jina. Muziki wake mwingi ulilala kabatini, hata mwaka wa 1829 Felix Mendelssohn alipoyapiga tena Mateso ya Mathayo huko Berlin. Tangu 1950 mifupa yake imelazwa katika kanisa la Mtakatifu Thomas.

Kutoka mji ule ule wa Leipzig walitumwa wamisionari waliofika Kilimanjaro mwaka wa 1893, wakileta nyimbo za kanisa la Luther, zile zile zilizokuwa nguzo za kazi ya Bach. Basi, mwalimu, ukitazama waimbaji wako ukahesabu wanaofaa na wasiofaa, kumbuka hesabu ya Leipzig. Pia kumbuka Arnstadt, ukaangalie kama watu wanaimba pamoja nawe. Bwana aliyempa Bach nguvu kwa Jumapili iliyofuata, akupe wewe nawe.