Josefa wa Óbidos na Swali la Mjomba

Wanachuo wenzangu, kila nikirudi nyumbani likizo mjomba ananiuliza mambo mawili: kama hizo picha zitanilisha, na nitaolewa lini. Nasomea ualimu, nina miaka 22, na nimechagua kufundisha sanaa. Huwa nainamia sahani yangu kimya. Safari hii nina mtu wa kumtajia.

Josefa de Óbidos alizaliwa Seville, Hispania, mwaka 1630. Mama yake alikuwa wa huko. Baba yake, Baltazar Gomes Figueira, alikuwa mchoraji Mreno. Josefa akiwa bado mdogo, familia ikahamia Ureno. Kazi alijifunza kwa baba, kama mtoto wa seremala anavyojifunza kushika randa. Katika ujana wake alikaa kwenye nyumba ya watawa mjini Coimbra, ila utawa hakuuchukua. Akarudi Óbidos, mji mdogo wa nyumba nyeupe ndani ya ukuta mkongwe wa mawe.

Humo ndimo alimofanyia kazi. Mwaka 1661 alichora picha za Mtakatifu Katarina kwa ajili ya kanisa la Santa Maria. Lakini alichora pia keki, matunda, maua na vyombo vya udongo. Yaani vitu vya jikoni, ambavyo sisi tunaviona ni vya kuosha tu, yeye aliviangalia mpaka vikang'aa.

Hakuolewa. Kwa ridhaa ya wazazi wake alitambuliwa kisheria kuwa binti anayejitegemea, akasimamia mali yake mwenyewe. Picha zilimlisha. Alifariki Óbidos mwaka 1684.

Kilichonigusa zaidi ni hiki. Mwaka 1653, akiwa na miaka 23, alichonga picha ya Hekima katika umbo la mwanamke, ikachapwa kwenye kitabu cha kanuni za Chuo Kikuu cha Coimbra. Wakati huo chuo hicho hakikupokea wanawake. Mkono wake uliingia kitabuni. Yeye mwenyewe darasani asingeingia.

Mimi darasani nimeingia, tena nina kitambulisho. Sasa ninyamaze kwa lipi?

Nikienda mazoezi ya kufundisha, somo la kwanza nitawaambia wanafunzi wachore chungu cha nyumbani kwao. Na mjomba nitamjibu, kwa heshima zote, nikiwa nimeinua uso.