Adrian Atiman

Adrian Atiman (Tundurma, leo nchini Mali, takriban 1866 - Karema, Tanganyika, 1956) alikuwa katekista na tabibu wa Kanisa Katoliki aliyefanya kazi kwa miaka 67 huko Karema, kwenye ufuko wa mashariki wa Ziwa Tanganyika, katika eneo ambalo leo ni mkoa wa Katavi. Jina lake huandikwa pia Adrien au Adriano.

Alizaliwa huru, akatekwa utumwani akiwa mtoto, akakombolewa na wamisionari, akasomea uganga wa kisasa Malta, kisha akapelekwa Karema, mahali ambapo hakuwa na ndugu wala ukoo. Anakumbukwa kama mtu mnyenyekevu aliyewatibu watu wa kila hali. Hata hivyo sifa hizo hazikuja mara moja. Kwa muda mrefu aliishi kati ya makundi ambayo kila moja lilimhitaji, lakini hakuna lililomhesabu moja kwa moja kuwa mtu wake.

Utoto na utumwa

Atiman alizaliwa Tundurma, kando ya mto Niger, si mbali sana na Timbuktu. Akiwa bado mtoto mdogo alitekwa na Watuareg waliofanya biashara ya watumwa. Kama watoto wengine wengi wa eneo hilo, alivushwa jangwa la Sahara pamoja na msafara hadi Algeria, ambako biashara hiyo iliendelea katika miji ya kusini ingawa nchi ilikuwa chini ya Ufaransa, na Ufaransa ilikuwa imepiga marufuku utumwa katika makoloni yake tangu 1848.

Huko Algeria, katika miaka ya 1870, alikombolewa na Wamisionari wa Afrika, ambao wengi huwaita Mapadre Weupe kwa sababu ya kanzu zao. Shirika hilo lilianzishwa mwaka 1868 na Charles Lavigerie, askofu mkuu wa Algiers, aliyefanywa kardinali mwaka 1882. Kukomboa maana yake ilikuwa kulipa fedha kwa mfanyabiashara na kumchukua mtoto. Desturi hiyo ilisifiwa na wengi, lakini ililaumiwa pia: waliopinga walisema kwamba fedha za wamisionari ziliwapa wauzaji sababu ya kuteka watoto wengine. Tena mtoto aliyekombolewa hakurudishwa kwao. Alilelewa na misheni, akapewa jina jipya na dini mpya, na mustakabali wake ulipangwa na wengine.

Masomo Malta

Lavigerie aliona kwamba wamisionari wengi kutoka Ulaya walikuwa wakifa kwa homa muda mfupi baada ya kufika Afrika ya kati. Aliamini kwamba Waafrika wangeongoka kwa kazi ya Waafrika wenzao, na kwamba mtu anayeponya hupokelewa hata pale ambapo mhubiri hufukuzwa. Kwa hiyo mwaka 1881 alifungua huko Malta chuo cha vijana waliokombolewa utumwani, ili wasomee uganga katika Chuo Kikuu cha Malta na kuwa matabibu makatekista. Hawakutakiwa kuwa mapadre. Walitakiwa kuoa, kuishi kama wenyeji, kutibu na kufundisha dini.

Mpango huo ulikuwa na kasoro iliyoonekana baadaye. Ulichukulia Afrika kana kwamba ni nchi moja, hivyo kijana wa mto Niger angeweza kupelekwa Ziwa Tanganyika na kupokelewa kama mwenyeji kwa sababu tu ya rangi ya ngozi yake. Pia vijana hao walikaa miaka mingi Ulaya wakizoea maisha ya huko, kisha wakaambiwa waishi vijijini kama watu wengine. Waliofaulu walikuwa wachache, na katika miaka ya 1890 chuo kilifungwa. Katika wote waliopitia hapo, Atiman ndiye aliyetumika kwa muda mrefu zaidi na kupata jina kubwa zaidi. Alimaliza masomo yake mwaka 1888.

Safari ya kwenda Karema

Mwaka huohuo alianza safari ya kwenda Afrika ya Mashariki, na mwaka 1889 akafika Karema. Njia ya wakati huo ilipita Zanzibar na pwani, kisha Tabora, na kuendelea kwa miguu hadi ziwani. Ulikuwa wakati wa hatari, kwa kuwa katika nusu ya pili ya mwaka 1888 watu wa pwani, wakiongozwa na Abushiri, walikuwa wameanza vita dhidi ya Wajerumani.

Karema yenyewe ilikuwa na historia fupi lakini nzito. Mwaka 1879 Wabelgiji waliotumwa na chama cha mfalme Leopold II walijenga kituo hapo, na mwaka 1885 waliwakabidhi Mapadre Weupe. Maji ya ziwa yalikuwa yakirudi nyuma, na jengo lililowekwa karibu na maji likabaki mbali na ufuko. Biashara ya watumwa na pembe za ndovu ilikuwa bado inaendelea pande zote za ziwa, na misheni ilikuwa makimbilio ya waliotoroka na waliokombolewa. Kuilinda kazi hiyo alikuja pia Mfaransa Léopold Joubert, askari wa zamani wa Papa, aliyeishi baadaye upande wa Kongo hadi kifo chake mwaka 1927.

Kazi ya tabibu katekista

Kwa miaka mingi Atiman alikuwa ndiye msaada mkuu wa tiba ya kisasa katika eneo kubwa ambalo halikuwa na hospitali wala barabara. Mgonjwa aliletwa kwa machela au kwa mtumbwi, au tabibu mwenyewe alimfuata kwa miguu. Miongo ya kwanza ya kazi yake ilikuwa migumu mno kwa watu wa kanda ya ziwa. Katika miaka ya 1890 sotoka iliua ng'ombe wengi Afrika ya Mashariki, na funza wa miguuni walienea kutoka magharibi. Ndui ilirudi mara kwa mara. Mwanzoni mwa karne ya 20 malale, ugonjwa unaoenezwa na mbung'o, uliingia maeneo ya Ziwa Tanganyika na kuhamisha vijiji vizima.

Pamoja na tiba alifundisha katekisimu na kuwabatiza waliokuwa karibu kufa. Hapo ndipo lilipo swali ambalo wanahistoria wa misheni hulijadili hadi leo: je, mtu anayepokea dawa na mafundisho kutoka mkono mmoja huchagua dini kwa uhuru kiasi gani? Kwa Lavigerie kazi hizo mbili zilikuwa kitu kimoja, na Atiman alizifanya zote mbili. Lakini waliokuja kwake hawakuwa Wakristo tu. Mlango wa dawa ulikuwa wazi pia kwa Waislamu na kwa waliofuata dini za jadi.

Shaka za pande zote

Shaka ya kwanza ilitoka kwa wenyeji. Kati ya Wabende, Watongwe, Wafipa na majirani zao, uganga ulikuwa wa ukoo. Mganga alijulikana amefundishwa na nani, na wazee wake ni akina nani. Atiman hakuwa na wazee wa kumdhamini. Alikuwa mtu mweusi mwenye dawa za Wazungu, anayepasua mwili kwa kisu, anayeishi kwenye misheni iliyojaa watu wasio na ukoo. Tena katika jamii nyingi za Afrika anayejua kuponya huaminika kuwa anajua pia kudhuru. Mgeni wa namna hiyo hakukabidhiwa mtoto mgonjwa kwa urahisi.

Shaka ya pili ilikuwa ndani ya misheni. Tabibu katekista hakuwa padre wala bruda, na hakuwa pia muumini wa kawaida. Alikuwa na elimu ya Ulaya kuliko Waafrika wote waliomzunguka, lakini katika ngazi za misheni alibaki chini ya padre kijana aliyefika jana. Kufungwa kwa chuo cha Malta kulionyesha kwamba hata ndani ya shirika imani katika mpango huo ilikuwa imepungua.

Shaka ya tatu ilikuwa ya serikali za kikoloni, ya Wajerumani na kisha ya Waingereza. Katika utaratibu wao daktari alikuwa Mzungu, naye Mwafrika alikuwa msaidizi wake. Ndiyo sababu vyeo anavyopewa Atiman katika maandishi vinatofautiana: daktari, tabibu, mganga, msaidizi wa tiba au katekista tu.

Kilichobadilisha hali hiyo ni muda. Maaskofu walibadilika, bendera ya Ujerumani ikashushwa katika Vita vya Kwanza vya Dunia, Wabelgiji wakapita na Waingereza wakaja, lakini Atiman alibaki palepale. Mama aliyetibiwa naye akiwa msichana alimletea wajukuu. Hakutumia ujuzi wake kujitajirisha, wala hakuhamia mji mkubwa. Kwa watu wa Karema ukaaji huo ulikuwa ushahidi mzito kuliko cheti.

Ndoa na familia

Baada ya kufika Karema Atiman alimwoa mwanamke wa Kibende, Agnes Wansahira. Ndoa hiyo haikuwa rahisi mwanzoni, lakini ilidumu, na ndiyo iliyompa undugu na watu wa nchi. Mtoto wao Joseph alipata upadrisho mwaka 1923, akiwa mmoja wa mapadre Waafrika wa kwanza katika vikarieti ya Tanganyika. Lilikuwa jambo la fahari, na lilikuwa pia na gharama yake: mtu aliyepoteza ukoo wake utotoni alimtoa mwanawe kwa maisha yasiyo na wajukuu.

Miaka ya mwisho

Katika uzee wake Atiman alijulikana nje ya Karema, na alitunukiwa nishani kwa utumishi wake. Mwaka 1946 simulizi la maisha yake mwenyewe lilichapishwa katika jarida la Tanganyika Notes and Records. Ni chanzo cha thamani, kwa kuwa watumwa wachache waliovushwa Sahara waliacha habari zao kwa maneno yao. Msomaji akumbuke hata hivyo kwamba sehemu kubwa ya yaliyoandikwa juu yake, kikiwemo kitabu cha Roger Fouquer cha mwaka 1964, yametoka kwa wamisionari, ambao walimpenda na waliona katika maisha yake ushindi wa kazi yao. Sauti za waliomwogopa au waliomkataa hazikuandikwa.

Alifariki Karema mwaka 1956, akiwa na umri wa miaka 90 hivi, miaka mitano kabla ya uhuru wa Tanganyika.

Urithi

Jimbo la Karema, alilolitumikia, liliitwa Sumbawanga kuanzia mwaka 1969. Mwaka 2000 sehemu yake ya kaskazini, pamoja na Karema, ikawa jimbo jipya la Mpanda. Mkoa wa Katavi ulianzishwa mwaka 2012 kwa kumegwa kutoka mkoa wa Rukwa.

Jina la Atiman limepewa hospitali ya Kanisa mjini Sumbawanga na nyumba ya Wamisionari wa Afrika jijini Dar es Salaam. Hajatangazwa mtakatifu wala mwenye heri. Karema sasa inajulikana zaidi kwa bandari iliyojengwa miaka ya karibuni kwa ajili ya biashara na Kongo, ng'ambo ya ziwa lilelile ambalo wagonjwa wake walilivuka kwa mitumbwi.