Claude Cahun: Msanii wa sura nyingi aliyewahangaisha Wanazi kisiwani Jersey

MNAMO Novemba 16, 1944, wanawake wawili wa makamo walifikishwa mbele ya mahakama ya kijeshi ya Wajerumani katika kisiwa cha Jersey, kilichoko baharini baina ya Uingereza na Ufaransa. Mmoja alikuwa na umri wa miaka 50, mwenzake 52. Kosa lao kuu lilikuwa kuandika. Kwa miaka kadhaa, wanajeshi waliokuwa wamekiteka kisiwa hicho walikuwa wakiokota vikaratasi vya Kijerumani vyenye sahihi ya askari asiye na jina, akiwahimiza wenzake waikatae vita ya Hitler. Polisi wa siri walimsaka askari huyo katika kambi zao wenyewe, wasijue kuwa hakuwahi kuzaliwa.

Aliyembuni ni Claude Cahun, msanii wa picha na mwandishi Mfaransa ambaye kufikia hapo alikuwa amejizoeza kwa zaidi ya miaka 30 kuvaa sura zisizokuwa zake. Au pengine zote zilikuwa zake. Hilo ndilo swali ambalo kazi yake haikuacha kuliuliza.

Alizaliwa Oktoba 25, 1894, katika mji wa Nantes, magharibi mwa Ufaransa, akapewa jina la Lucy Schwob. Aila yake iliheshimika katika uandishi. Baba yake, Maurice, alikuwa mmiliki wa gazeti la Le Phare de la Loire, na ami yake, Marcel Schwob, alikuwa mwandishi mwenye sifa mjini Paris. Lakini nyumba ya heshima si lazima iwe nyumba ya amani. Mama yake alipatwa na maradhi ya akili yaliyomtenga na mwanawe, na mtoto huyo akalelewa kwa muda na nyanya yake aliyekuwa kipofu.

Kisha kulikuwa na suala la damu. Upande wa baba ulikuwa wa Kiyahudi, na mwaka aliozaliwa Lucy ndio ambao afisa wa jeshi Myahudi, Alfred Dreyfus, alihukumiwa kwa uhaini ambao hakuutenda. Kesi hiyo iliigawa Ufaransa, na chuki yake ikapenya hadi madarasani. Binti huyo alidhulumiwa na wanafunzi wenzake, ikabidi ahamishiwe shule moja nchini Uingereza kwa muda. Alijifunza mapema kwamba jina la mtu laweza kuwa shtaka.

Basi akalitupa. Kufikia mwisho wa Vita vya Kwanza vya Dunia alikuwa akijiita Claude Cahun. Cahun ni jina la ukoo wa nyanya yake mzaa baba, jina la Kiyahudi waziwazi zaidi kuliko Schwob. Claude ni jina ambalo kwa Wafaransa huitwa mwanamume na mwanamke vilevile. Kiswahili kina nafuu hapa, kwani kiambishi a- hakimuulizi mtu kama ni mke au mume. Kifaransa hakina huruma hiyo: hata sifa ndogo humlazimu msemaji achague, na kukataa kuchagua huko ndiko Cahun alikokufanya kuwa kazi ya maisha yake.

Hakuifanya peke yake. Mnamo 1909 alikutana na Suzanne Malherbe, mchoraji aliyejulikana baadaye kama Marcel Moore. Walipendana na kuishi pamoja hadi kifo kilipowatenganisha. Kwa sadfa ambayo mtunzi wa riwaya angeogopa kuibuni, babake Cahun alimuoa mamake Moore, aliyekuwa mjane, mwaka wa 1917. Wapenzi hao wakawa ndugu wa kambo, hali iliyowapa stara machoni pa majirani.

Picha zinazomfanya Cahun akumbukwe leo nyingi zilipigwa kati ya miaka ya 1910 na 1930, na wataalamu wengi wanaamini kuwa mara nyingi Moore ndiye aliyekuwa nyuma ya kamera. Katika picha za mwanzo wa miaka ya 1920 Cahun amenyoa kipara na kuvaa suti ya kiume. Mnamo 1927 amejipamba kama mbeba vyuma wa sarakasi, nywele zimebanwa kipajini, mioyo imechorwa mashavuni, na kwenye fulana yake kuna maandishi ya Kiingereza yanayoonya kwamba yumo mazoezini na asibusiwe. Misuli hakuna. Nguvu za kiume na urembo wa kike zote zimegeuzwa mzaha mmoja.

Picha nzito zaidi ni ya mwaka wa 1928. Cahun amevaa barakoa, na joho lake limetundikwa barakoa nyingine kadhaa. Mtazamaji hungoja moja ivuliwe ili auone uso wenyewe. Hapo ndipo msanii huyu anapotofautiana na fikra iliyozoeleka kwamba barakoa ni uongo na chini yake kuna ukweli. Katika kitabu chake cha mwaka wa 1930, Aveux non avenus, alidai kuwa chini ya barakoa kuna nyingine, na kazi ya kuzivua haina kikomo. Hoja hiyo inaweza kumkera msomaji anayetaka mtu awe mtu mmoja. Hata hivyo, ni nani asiyekuwa na sura ya kazini, ya msibani na ya nyumbani?

Kutoka mwaka wa 1932 Cahun alijiunga na duara la André Breton, kiongozi wa wasurealisti, wale wasanii walioshikilia kwamba ndoto na mambo yaliyofichika akilini yana ukweli wake. Mnamo 1936 vitu alivyoviunda vilionyeshwa katika jumba la Charles Ratton mjini Paris. Wasurealisti wengi wa kiume walimchora mwanamke kama ndoto yao wenyewe. Cahun alikuwa mtazamaji na mtazamwa kwa wakati mmoja, na pengine ndiyo sababu walimthamini bila kujua pa kumweka. Picha zake za sura nyingi hazikuonyeshwa hadharani ila chache mno.

Jambo la kuzingatiwa zaidi ni kijitabu alichochapisha mwaka wa 1934. Wakati huo waandishi wa mrengo wa kushoto walikuwa wakibishana iwapo ushairi uwe baragumu la chama. Cahun alikataa. Alishikilia kuwa neno linalomwamuru msomaji humlaza, ilhali neno linalomwachia pengo humfanya afikiri mwenyewe. Ilikuwa nadharia tu, hadi Wajerumani walipotua Jersey Julai 1940.

Cahun na Moore walikuwa wamehamia huko mnamo 1937, wakanunua nyumba jirani na kanisa na makaburi ya St Brelade. Wenyeji waliwaona kama wageni wa ajabu wapendao paka. Wayahudi walipoamriwa kujiandikisha, Cahun hakwenda. Badala yake wawili hao walisikiliza redio kwa siri, na Moore, aliyejua Kijerumani, akatafsiri habari na mazungumzo ya kubuni ya askari waliochoka. Vikaratasi vilipigwa taipu, vikatiwa ndani ya paketi za sigara, magari ya jeshi, hata mifuko ya makoti ya askari. Havikumtukana Mjerumani. Vilimsemesha kwa sauti ya Mjerumani mwenzake, vikamwachia pengo alijaze. Nani angewashuku wanawake wawili na vikapu vyao?

Walikamatwa Julai 25, 1944. Wakijua kinachowangoja, walimeza vidonge vya usingizi, wakanusurika. Mahakama iliwahukumu kifo, pamoja na kifungo kwa kosa la kusikiliza redio. Inasimuliwa kwamba Cahun alitaka kujua kama walitakiwa kumaliza kifungo kwanza ndipo wauawe. Hukumu ya kifo iliondolewa mapema mwaka wa 1945, wakatoka gerezani Mei, kisiwa kilipokombolewa. Nyumbani walikuta kazi nyingi za sanaa zimeporwa au kuharibiwa. Picha moja ya mwaka huo inamwonyesha Cahun mlangoni, amebana kwa meno nembo ya tai wa Wanazi.

Afya yake haikurejea. Alifariki Desemba 8, 1954, karibu amesahaulika, na Moore akamfuata mwaka wa 1972. Mali yao ikauzwa, zikiwemo picha, na ni kitabu cha mtafiti François Leperlier cha mwaka wa 1992 kilichomrudisha Cahun katika mazungumzo ya wanasanaa. Sehemu kubwa ya kazi zilizosalia inahifadhiwa Jersey.

Wamezikwa pamoja St Brelade, hatua chache kutoka nyumba waliyoandikia vikaratasi vyao. Jiwe la kaburi lina nyota mbili za Daudi na majina waliyozaliwa nayo, Schwob na Malherbe. Jina la Claude Cahun halikuchongwa.