Irene Namaganda: Mapenzi na Wajibu wa Kiti

Marehemu Irene Drusilla Namaganda aliolewa na Kabaka Daudi Chwa mwaka 1914, mwaka ulioanza Vita Kuu ya Kwanza. Mwaka 1924 alimzaa Mutesa.

Kabaka alifariki Novemba 1939. Mutesa, kijana wa miaka 15, akarithi kiti, na mama yake akawa Namasole, yaani mama wa mfalme. Mila ya Buganda ilimtaka Namasole abaki mjane kwa heshima ya kiti cha mwanawe. Lakini mwaka 1941, askari wetu wakiwa vitani Uhabeshi, Namaganda aliamua kuolewa na Peter Kigozi, mtu wa kawaida asiye na cheo. Askofu Stuart aliridhia. Katikiro Martin Luther Nsibirwa naye akakubali.

Buganda ilighadhibika. Namaganda alivuliwa cheo, na Nsibirwa akalazimika kujiuzulu.

Ndoa ile ilikuwa halali mbele ya Kanisa, ila haramu mbele ya mila. Na gharama yake haikuwaangukia maarusi peke yao. Mwenye dhamana anapotoa ruhusa, huweka rehani kiti chake mwenyewe.